Nimekwenda Bangkok mara 19, na Mwalimu anaamini nimeuona Mekong

BARUA

Dada Mshauri, habari za kazi. Barua yangu ni ndefu, nivumilie.

Nina miaka 53 na nina fremu ya nguo za kike Kariakoo. Tangu 2014 nafuata mzigo Bangkok, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka: mwezi wa kumi kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na nyingine kabla ya Idi, siku hizi Januari. Miaka ya korona nilikaa nyumbani kama wengine. Juzi nilitoa pasipoti zangu zote mbili nikahesabu mihuri, nikapata mara 19. Mtaani wanasema Thailand naijua nje ndani. Nikitokea harusini na gauni ambalo halijafika mjini utasikia, "Huyo mwacheni, yule ni mwenyeji wa kule."

Dada, siijui. Ninachokijua ni Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo. Natua, nalala hoteli ileile ambayo dirisha lake linatazama ukuta, nanunua siku nne, siku ya tano wakala wa kargo anapima marobota, usiku nipo uwanja wa ndege nimevimba miguu. Wenye maduka wananiita "Mama" na wamejifunza kusema "bei ya mwisho". Mahekalu nayaona kwenye kalenda. Hata ule mto wao wa mjini nimeupita kwa teksi, usiku, nimelala.

Mume wangu alifundisha jiografia sekondari miaka 31, amestaafu mwaka juzi. Mimi na watoto tunamwita Mwalimu. Safari zake za nje ni Mombasa na Kampala, zote za misiba. Lakini dunia anayo kichwani. Anaweza kuchora mto Mekong ubaoni huku amewageukia wanafunzi, na watoto wetu walijua nchi unazopita, China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia, Vietnam, kabla hawajajua jina la babu yao mzaa baba.

Sasa nikwambie aibu yangu. Mwaka 2017 nilirudi safari nina homa. Mwalimu akaja kukaa kitandani na atlasi yake iliyoshonwa kwa uzi mgongoni, akaniuliza, "Mekong umeuona?" Sijui ni nini kilinipata. Labda nilimwonea huruma. Nikasema ndiyo, wakala alitupeleka, tulikwenda asubuhi tukarudi jioni, mto mpana, maji ya udongo kama Rufiji. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Vizuri," akafunga atlasi. Hajaniuliza tena tangu siku ile. Ila wageni wakija na mazungumzo yakafika Thailand, yeye husema, "Mama watoto kaufikia mpaka Mekong," kisha ananitazama. Mimi nakimbilia jikoni.

Mwezi wa kumi na moja napokea mchezo wa upatu, milioni tano. Nimetamani mara moja katika maisha yangu niende kule kutembea, siku saba tu, na niende na Mwalimu kaskazini akauone huo mto kwa macho yake. Nilipomgusia alicheka akasema, "Niende kufanya nini? Nikakae hotelini nikulindie mabegi?" Kijana wetu mkubwa anasema hela hiyo iende Chanika, nyumba imeishia kwenye lenta na masika haisubiri. Binti yetu naye amenipangia ratiba ya siku saba: Bangkok, Chiang Mai, siku moja ya tembo, Chiang Rai na Mekong kwa siku moja, halafu mashua ya siku mbili mpaka Luang Prabang kule Laos, na kurudi. Anataka tuende mwisho wa mwezi wa tatu, baada ya Idi, tikiti zinakuwa rahisi. Yeye yuko tayari kwenda nami kama baba yake hataki. Mwalimu goti lake la kushoto ni bovu.

Halafu sisi ni Waislamu, sijui itakuwaje kuzunguka mahekalu na chakula.

La mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Kule Pratunam mimi ni mtu mwingine. Nacheka kwa sauti, nabishana na wanaume, nahesabu pesa mbele za watu. Nyumbani siko hivyo. Sijui kama nataka anione.

Nifanyeje?

Mama wa Fremu, Dar es Salaam

JIBU

Dada yangu wa Fremu, nimekusikia. Umechoka kuwa mwenyeji wa mji usioujua. Una milioni tano ambazo kila mtu nyumbani ameshazipangia kazi. Una mume unayetaka kumpa zawadi, naye ameikataa kwa mzaha. Na una uongo mdogo wa mwaka 2017 unaoogopa utaumbuka ukingoni mwa mto.

Nianze na huo uongo, maana nimecheka nao peke yangu, na sikucheka kwa ubaya.

Bangkok imejengwa kando ya mto Chao Phraya. Mekong hauko karibu nayo hata kidogo. Ukitaka kuufikia kwa barabara kutoka Pratunam, pale unapokaribia zaidi, kama Nong Khai mpakani na Laos, ni zaidi ya kilomita 600. Hakuna wakala anayekupeleka asubuhi ukarudi jioni kufunga marobota. Mimi hilo ilinibidi nifungue ramani. Mume wako alikuwa na ramani hiyo mapajani. Mtu aliyeuchora ule mto miaka 31 bila kutazama ubao, unadhani hakujua? Umeniandikia mwenyewe: alinyamaza kidogo, akasema "Vizuri", akafunga atlasi, na hajauliza tena.

Siwezi kuingia moyoni mwake. Huenda kweli alikuamini, mapenzi humfanya mtu asahau hata kilomita. Lakini naomba ukae na uwezekano wa pili, kwamba amejua muda wote, na ule utani wake mbele ya wageni ni mlango anaouacha wazi uingie mwenyewe. Wewe umeuona kama majivuno yake. Mimi, kwa mbali, nausikia kama mtu anayebisha hodi na wewe unakimbilia jikoni.

Kama ni hivyo, hofu ya kuumbuka inapungua, lakini linabaki swali la wapi umwambie. Ukimwambia nyumbani kabla ya safari, mnaweza kucheka na ikaisha, au akaumia kwamba umemwacha arudie jambo hilo mbele za watu miaka yote. Ukisubiri mpaka mtoni, utakuwa umebeba mzigo huo kwenye ndege mbili, na siku aliyoisubiri maisha yake yote itakuwa na maungamo yako katikati. Ukinyamaza kabisa, naye akinyamaza, wapo wanandoa wanaozeeka vizuri na siri ya namna hiyo katikati yao kama paka wa nyumbani. Unamjua wewe, mimi nimemsoma kwa ukurasa mmoja tu.

Sasa hilo la "nikulindie mabegi". Umelipokea kama kukataa, na kijana wako ameshalitumia kama kura ya nyumba. Lisome tena. Mwanaume aliyestaafu mwaka juzi, ambaye mkewe ndiye mwenye fremu na ndiye mwenye mchezo, anauliza kazi yake kule itakuwa nini. Kwangu mimi hilo ni swali, na bado hujalijibu. Kule kaskazini wewe hujui kitu, umekiri mwenyewe. Anayejua ni yeye. Sijui kama umewahi kumwomba akupeleke wewe, badala ya kumwambia unampeleka.

Nilifika Chiang Mai mara moja, Januari, kwa kazi, nikaongeza siku zangu nne. Kwa hiyo hapa nitaongea kama mtu aliyepita, kisha mpime wenyewe.

Ratiba ya binti yako ni ya kijana mwenye magoti mazima. Siku moja ya Mekong aliyoipanga naijua, wanaiuza kila kona ya Chiang Mai. Unaamshwa alfajiri, unakaa kwenye gari dogo mwendo wa saa tatu mpaka Chiang Rai, unateremshwa kwenye lile hekalu jeupe, Wat Rong Khun, ambalo msanii Chalermchai Kositpipat alianza kulijenga upya mwaka 1997 na kazi bado inaendelea, unapiga picha, unapanda gari tena zaidi ya saa moja mpaka Sop Ruak, pale mto Ruak unapoingia Mekong na nchi tatu zinakutana. Hapo unapewa muda wa kutazama, kununua sumaku ya friji na kwenda msalani. Kisha njia ileile kurudi, usiku. Mtu aliyeusubiri mto tangu chuo cha ualimu atautazama dakika arobaini, na goti lake litakuwa limekunjwa kutwa nzima.

Siku ya tembo mimi ningeitoa bila kufikiri. Mikumi ipo.

Na ile mashua ya Laos ni nzuri sana, kila aliyeipanda ananisimulia. Inatoka Huay Xai, upande wa Laos mpakani, inalala Pak Beng, siku ya pili inaingia Luang Prabang, mji uliowekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1995. Ila ni siku mbili za kukaa. Halafu kuna jambo ambalo wewe mfanyabiashara utalielewa haraka: viza ya Thailand ya kuingia mara moja inakuwa imetumika ukivuka mpaka. Kama ndege yenu ya kurudi inaondokea Bangkok, mtahitaji ruhusa ya kuingia tena, juu ya viza ya Laos yenyewe. Kwa siku saba naona ni kumwongezea Mwalimu foleni badala ya mto. Wenye siku kumi na mbili ni habari nyingine.

Mwezi wa tatu sasa. Tikiti kuwa rahisi kuna sababu yake. Kuanzia Februari mpaka Aprili watu wa kaskazini na nchi jirani wanachoma mashamba na misitu, na moshi unajaa bondeni Chiang Mai inapokaa. Kuna siku hewa yake inatajwa kati ya chafu kuliko zote duniani, na milima unayoifuata huioni. Novemba mpaka Januari ndiyo kipindi kizuri: mchana jua la kustahimilika, usiku baridi ya Lushoto, beba sweta. Wewe tayari unakwenda Januari kufuata mzigo wa Idi. Hapo unaweza kuunganisha, na nauli yako ikabaki kwenye hesabu ya biashara kama kawaida, ya mchezo ikawa ya Mwalimu na ya huko kaskazini tu. Hatari yake unaijua kuliko mimi: Januari pesa yote iko kwenye mzigo, kargo ikichelewa hata wiki moja unaukosa mwezi wa Ramadhani, na mtu mwenye wasiwasi wa kontena hatazami mto. Ukiamua hivyo, jiulize kama utanunua kwanza ndipo mtembee, au mtembee kwanza. Ukinunua kwanza unatembea ukiwa mwepesi lakini umechoka. Ukitembea kwanza, utakuwa unabonyeza simu Sop Ruak kuuliza bei ya jezi.

Nilivyotembea mimi ilikuwa hivi. Ndege kutoka Bangkok mpaka Chiang Mai, mwendo wa saa moja na robo. Treni ya usiku ipo pia, mwendo wa saa kumi na mbili hivi au zaidi, mwalimu wa jiografia angeipenda, goti sina hakika. Siku mbili ndani ya mji wa kale, ambao Mfalme Mangrai aliuanzisha mwaka 1296 na bado umezungukwa na handaki la maji, mraba kabisa, huwezi kupotea. Kisha basi mpaka Chiang Rai, nikalala huko, na siku iliyofuata nikachukua gari kwenda mtoni taratibu. Chiang Saen, kilomita chache kutoka Sop Ruak, unaweza kukaa kwenye mkeka ukingoni jioni, Laos iko ng'ambo, karibu kama unavyoiona Kigamboni ukiwa Magogoni. Nilikula samaki wa kuchoma. Mto ulikuwa umepungua, una visiwa vya mchanga, na maji yake hayakuwa ya udongo kama ulivyomwambia Mwalimu. Yalikuwa ya kijani hafifu. Mvua zikija ndipo unakuwa Rufiji yako. Kwa hiyo hata uongo wako ulikuwa na msimu.

Wenyeji wa Chiang Khong, mbele zaidi, watawaeleza habari za kambare mkubwa wa Mekong. Mwaka 2005 alivuliwa mmoja wa kilo 293. Mpe Mwalimu hiyo kabla hajaisikia kwa mtu mwingine.

Kuhusu goti: hekalu la Doi Suthep, juu ya mlima wa Chiang Mai, lina ngazi zaidi ya 300, na pembeni kuna kigari cha kupandisha watu kwa ada ndogo. Mwambie mapema, ili akifika achague mwenyewe, asijikute anapandishwa kama mgonjwa. Kwenye ndege ndefu, kiti cha kando ya njia, na asimame kila baada ya saa moja hivi.

Kuhusu dini, kutazama jengo na kusali ndani yake ni vitu viwili, na mwisho wa mpaka wako ni wewe na dhamiri yako, au shehe unayemwamini. Wapo Waislamu wanaoingia wakatazama, wapo wanaobaki nje kwenye bustani. Mabega na magoti yafunikwe na viatu vivuliwe, jambo ambalo kwako si geni. Chakula ndicho kitakachokushangaza. Chiang Mai kuna Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China, waliokuja na misafara ya nyumbu wakibeba biashara, wafanyabiashara wenzako hao. Msikiti wao wa Ban Haw uko karibu na soko la usiku, na uchochoro wake una migahawa ya halali. Agiza khao soi ya kuku au ng'ombe: tambi ndani ya mchuzi wa tui na bizari, juu yake tambi nyingine za kukaanga zinazokatika kwa mlio, pembeni kitunguu kibichi, achari na ndimu. Nilipoonja niliweka kijiko chini nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa Tanga jikoni. Chiang Rai mjini nako msikiti upo.

Karatasi: viza mnaomba kabla, na Mwalimu atahitaji kadi ya njano ya homa ya manjano, nawe yako unayo. Wewe umeshazoea, yeye itakuwa mara ya kwanza kuulizwa maswali dirishani. Msipishane hapo.

Nyumba ya Chanika sitaikwepa. Kijana wako hajakosea. Ukuta usioezekwa ukipigwa na masika mawili unakula hela mara mbili, na bati halijawahi kushuka bei nikaliona. Ila ametoa hoja ya nyumba, hakutoa hoja ya baba yake ana miaka mingapi na goti lina miaka mingapi. Mnaweza kuezeka kwanza na kwenda Januari ya mwaka utakaofuata. Mnaweza kugawa, safari fupi ya siku tano bila Chiang Mai, ndege mpaka Chiang Rai moja kwa moja, na kilichobaki kikaanza mbao. Mnaweza pia kwenda na kurudi na kuikuta lenta inakusubiri na maneno ya watoto. Kila njia ina mtu atakayekunja uso. Na kwenda na binti yako peke yenu nayo ni safari halali, mtacheka sana, ila jiandae kwa jinsi Mwalimu atakavyotazama zile picha.

Nimeacha Pratunam mwisho kwa sababu wewe nawe uliiacha mwisho. Unasema kule unacheka kwa sauti, unabishana, unahesabu pesa. Ukiniuliza mimi sioni kosa, lakini aibu haiulizi kosa. Swali langu ni hili: unaogopa atamchukia yule mwanamke, au unaogopa atampenda, kisha aulize kwa nini umemficha miaka yote hii? Huna lazima ya kunijibu. Kama bado hujawa tayari, ratiba inaweza kupangwa asipite sokoni kabisa, akafikia uwanja wa ndege mkaunganisha kaskazini. Au umpe asubuhi moja tu ya kukufuata nyuma dukani huku unakaba bei, kisha mwende pamoja mahali ambapo wote ni wageni. Pale pale Pratunam kuna gati la mashua za mfereji wa Saen Saep, hatua chache kutoka ulipolala mara 19. Hujawahi kupanda. Mashua zinakwenda kasi, maji yananuka, watu wanavuta turubai pembeni yasiwarukie. Pandeni wote wawili kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kununua chochote, kabla hata ya mchezo kufika, jioni moja chukua ile atlasi yake iliyoshonwa uzi. Kaa pale ulipokuwa umelala na homa. Mwambie, "Mwalimu, hebu nioneshe Bangkok iko wapi, na Mekong unapita wapi." Halafu usimtazame usoni, tazama kidole chake. Ukiona kimesimama njiani na kitanda kinatikisika kwa kicheko, niandikie.